Mashine ya Kupima Wagonjwa Nayo Lazima Ipimwe

HAKUNA mwuza sukari anayeruhusiwa na sheria kupima kilo moja kwa mizani isiyokuwa na muhuri. Mkaguzi wa vipimo akimkuta nayo sokoni humchukulia hatua, na wananchi waliosimama pembeni hufurahi kwa sababu wanajua ni nani aliyekuwa akipunjwa. Hakuna anayemwonea huruma kwa kuwa wateja walikuwa wengi, wala kwa kuwa mizani yake ni mpya na imetoka Ulaya. Lakini katika vyumba vya hospitali ambamo kinachopimwa si sukari bali uhai wa mtu, wapo watumishi wenye elimu ya kutosha, na wakubwa wao wenye elimu zaidi, wanaoona kwamba kuipima mashine kabla ya kumpima mgonjwa ni kupoteza muda.

Mashine inayohusika hapa ni kamera ya gama, chombo kikuu cha tiba ya nyuklia. Hapa nchini hospitali zenye huduma hiyo ni chache mno, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam ndiyo inayofahamika zaidi kwa wananchi. Hali ni hiyo hiyo katika nchi nyingi za Afrika. Hoja hii haimlengi mtu fulani wala hospitali fulani; inaulenga mtindo, na mtindo huo umeenea katika nchi nyingi changa. Uchache wa mashine ndio unaolifanya jambo lenyewe kuwa zito. Mgonjwa aliyepigwa picha mbovu London anaweza kwenda hospitali ya mtaa wa pili akapigwa nyingine. Aliyesafiri kwa basi kutoka Kigoma au Songea hana mtaa wa pili.

Yafaa kwanza ieleweke chombo chenyewe hufanya nini, maana wengi hukichanganya na eksirei. Katika eksirei, mionzi hutoka kwenye mashine ikapenya mwilini. Kamera ya gama haitoi kitu. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayetoa mionzi. Hudungwa dawa iliyotiwa teknetiamu 99m, dawa hiyo ikasafiri na damu hadi kwenye kiungo kinachochunguzwa, kama vile mfupa, figo, moyo au tezi ya shingo, na kutoka huko ikarusha miale ya gama. Mbele ya kamera kuna bamba la risasi lenye maelfu ya matundu, linalopitisha ile miale tu inayokuja moja kwa moja. Nyuma ya bamba kuna fuwele pana ya iodidi ya sodiamu, ambayo kila ikipigwa na mwale humetameta kwa mwanga hafifu mno. Nyuma ya fuwele imepangwa mirija ya kielektroniki, mingi kwa makumi, inayougeuza mwanga huo kuwa umeme. Na kwa kulinganisha umeme wa mrija huu na wa jirani zake, mashine hukadiria kila mwale umetokea wapi. Mmarekani Hal Anger aliibuni kamera ya namna hiyo huko Berkeley, California, mwaka 1957. Tangu wakati huo kompyuta zimeongezwa na vichwa vya kamera vimeongezwa, lakini msingi wa kamera nyingi zinazotumika hospitalini umebaki ule ule.

Neno la kuangalia hapo ni "hukadiria". Makadirio hayo ni ya kweli pale tu mirija yote inapokuwa na nguvu sawa. Nguvu ya mirija haikai mahali pamoja. Hubadilika kwa joto la chumba, kwa umri, na kwa kuyumba kwa umeme, jambo ambalo hakuna mtumishi wa umma nchini anayehitaji kuelezwa. Mrija mmoja ukidhoofika, sehemu iliyo mbele yake huonekana kwenye picha kana kwamba dawa haikufika. Daktari aliyeketi mbele ya kioo hawezi kujua kama doa lile ni ugonjwa wa ini au ni ugonjwa wa kamera.

Hapo ndipo kamera ya gama inapotofautiana na vyombo vingine. Jenereta ya hospitali ikiharibika, taa huzimika na kila mtu anajua. Gari la wagonjwa likiharibika, halitembei. Kamera ya gama iliyoharibika nusu huendelea kutoa picha, tena picha nzuri ya kupendeza, na mgonjwa huondoka na majibu mkononi.

Chukua mfano wa mama aliyeondolewa saratani ya titi. Madaktari wanataka kujua kama ugonjwa umeingia mifupani, na picha ya mifupa ndiyo itakayowasaidia kuamua. Sasa, dawa inayotumika kwa picha hiyo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Tone la mkojo wa mgonjwa wa jana jioni, lililoanguka juu ya kitanda cha mashine au juu ya bamba la kamera, hutosha kuonekana leo asubuhi kama doa jeusi juu ya nyonga ya mama huyu. Jaribio la dakika chache la kuhesabu mionzi iliyomo chumbani kabla ya mgonjwa kuingia lingelifichua tone hilo, na kitambaa chenye sabuni kingelimaliza. Jaribio lisipofanywa, mama ataambiwa saratani imesambaa. Ataanzishiwa dawa kali kwa ugonjwa asiokuwa nao, au familia itashauriwa imrudishe nyumbani. Na kinyume chake ni kibaya vile vile: kamera iliyopoteza uwezo wa kutenganisha vitu vidogo haionyeshi doa dogo la kweli, mama anapongezwa kwamba amepona, na miezi ya kumwokoa inapita.

Au chukua mtoto mwenye maradhi ya figo. Kamera huulizwa swali moja: katika kazi yote ya figo mbili, kila moja inafanya kiasi gani? Endapo upande mmoja wa kamera unahesabu miale pungufu kuliko upande wa pili, figo ya upande huo itaonekana imelegea. Daktari wa upasuaji akiiamini namba hiyo anaweza kuamua kuiondoa figo nzima. Hakuna kikao cha nidhamu kitakachoirudisha.

Majaribio yanayotakiwa kuzuia mambo hayo si siri wala si elimu ya wateule. Kila asubuhi huangaliwa mionzi ya chumbani. Kisha huangaliwa kama kamera imetegwa barabara kupokea miale ya teknetiamu, ambayo nguvu yake ni kiloelektroni-volti 140, na kukataa ile iliyogongana mwilini ikapoteza njia. Kisha kamera huonyeshwa bamba la kobalti 57, linalotoa mionzi sawasawa kila mahali, ili ionekane kama picha nayo iko sawasawa. Kila juma huwekwa bamba lenye mistari ya risasi ili ijulikane kama kamera bado inaona mistari myembamba na kama mistari iliyonyooka inatokea ikiwa imenyooka. Kamera zinazomzunguka mgonjwa huhitaji zaidi, kwa sababu kosa ambalo katika picha ya kawaida halionekani kabisa, kamera ikizunguka hugeuka kuwa pete zisizokuwemo mwilini. Na kitovu cha mzunguko kikihama kidogo tu, picha nzima hufifia. Chombo cha kupimia dozi nacho hupimwa kila siku, mara nyingi kwa kipande cha sesiamu 137, ambacho nguvu yake huchukua miaka 30 kupungua nusu na hivyo hakimdanganyi mtu. Kazi ya asubuhi yote kwa kawaida haizidi nusu saa hivi.

Basi kwa nini haifanyiki?

Udhuru wa kwanza ni foleni. Wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, na mganga mkuu anataka kuona idadi. Udhuru huu una sura ya huruma, na kwa hiyo ndio wa hatari kuliko zote. Wakubwa hupimwa kwa idadi ya wagonjwa waliopigwa picha, si kwa idadi ya picha zilizo za kweli, na hakuna safu katika taarifa ya mwezi ya kuandika "waliodanganywa". Picha ikitiliwa shaka, mgonjwa huitwa tena, hudungwa mionzi mara ya pili, na hukaa mjini juma jingine kwa gharama ya ndugu zake. Foleni iliyokusudiwa kupunguzwa imeongezwa mtu.

Tena foleni hiyo inakula fedha za kigeni. Teknetiamu hupungua nguvu nusu kila baada ya saa 6, haiwekwi ghalani. Hukamuliwa kutoka kwenye mtungi wa molibdeni 99, na huyo mzazi wake naye hupungua nusu kila saa 66, hivi kwamba mtungi uliokuwa na nguvu Jumatatu asubuhi umebaki na chini ya nusu ifikapo Alhamisi mchana. Molibdeni kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika vinu vichache vya nyuklia duniani, na Tanzania haina kinu. Mtungi hufika kwa ndege. Mei 2009 kinu cha Chalk River nchini Kanada kiliharibika, kikakaa bila kufanya kazi hadi Agosti 2010, na hospitali za nchi tajiri zikaanza kuahirisha wagonjwa. Kitu ambacho tajiri alikilia hakiwezi kumwagwa na maskini mbele ya kamera isiyojulikana kama inaona.

Udhuru wa pili ni fedha. Hapa pana ukweli kidogo na uvivu mwingi. Ni kweli kwamba bamba la kobalti linauzwa ghali, na kwamba nguvu yake hupungua nusu katika siku 272 hivi, kwa hiyo baada ya miaka miwili au zaidi kidogo halifai tena na lazima linunuliwe jingine. Afisa anayelifuta kwenye makadirio kila mwaka kwa sababu haelewi ni kitu gani anastahili kuulizwa kwa nini hakuuliza. Lakini kukosa bamba si kukosa jaribio. Teknetiamu kidogo ndani ya bomba la sindano, ikiwekwa mbali na kamera umbali wa angalau mara tano ya upana wa fuwele, huku lile bamba la risasi limeondolewa, hutoa mionzi iliyo sawasawa kwa kiasi cha kutosha kuipima kamera. Mwalimu ye yote wa fizikia anaweza kueleza sababu: taa ikisogezwa mbali na ukuta huumulika ukuta wote kwa usawa. Hata tangi bapa la plastiki lenye maji yaliyochanganywa vizuri na teknetiamu hufanya kazi hiyo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo Tanzania ni mwanachama wake tangu 1976, lilitoa mwongozo wa majaribio haya mwaka 1984, likautoa upya 1991, na tangu hapo limeendelea kutoa mingine pamoja na mafunzo. Mwongozo wenye umri wa zaidi ya miaka arobaini hauwezi kuitwa habari mpya ambayo haijafika mikoani.

Udhuru wa tatu hausemwi waziwazi, lakini ndio wenye mizizi. Ni ile kasumba ya kuamini kwamba mashine iliyotoka Ujerumani au Marekani haikosei, na kwamba kama ingekosea kompyuta yake ingejirekebisha. Kompyuta hurekebisha kweli, lakini hurekebisha kwa kufuata jedwali la makosa yaliyopimwa siku fulani. Jedwali likichakaa, kompyuta huendelea kutibu ugonjwa wa mwaka jana na kuuacha wa leo, na pengine huongeza kosa mahali ambapo halikuwapo. Watengenezaji wenyewe wa Marekani walijiwekea kanuni za pamoja za kupima kamera zao mwaka 1980, na kitabu kinachokuja na mashine huagiza majaribio ya kila siku. Aliyeiunda haiamini bila kuijaribu. Aliyeinunua ameipata wapi imani hiyo?

Wakulima wa pamba wa Usukuma hawakuwa nayo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, kabla ya uhuru, walijua kwamba wanaibiwa kwenye mizani ya wanunuzi, na moja ya mambo ya kwanza waliyoyafanya walipoanza kuungana lilikuwa ni kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Ndugu Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilizaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha ushirika cha Victoria, kilichokuja kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wengi wa wakulima wale hawakuwa wameingia darasani. Waliitazama mizani iliyotoka Uingereza, yenye bamba la shaba na maandishi ya Kiingereza, na bado wakauliza: nani ameipima? Ni aibu swali hilo limshinde mwenye shahada.

Itakuwa uonevu, hata hivyo, kumbebesha fundi wa kamera mzigo wote. Mara nyingi yeye ni mmoja, au wako wawili; ndiye anayepokea dawa, anayeitayarisha, anayemdunga mgonjwa, anayempiga picha na anayejibu simu. Akitumia nusu saa kuipima mashine anaulizwa kwa nini amechelewa kuanza; akiacha kuipima hakuna anayemwuliza neno. Na akigundua kasoro akasema mashine isitumike, mkubwa asiyejua tofauti ya fuwele na kioo cha dirisha humwamuru aendelee "kwa leo tu".

Chimbuko la mambo haya mara nyingi ni siku ya kununua. Orodha ya ununuzi hutaja kamera na kitanda chake, huenda na kompyuta ya ziada, lakini bamba la mistari, bamba la kobalti, mafunzo na mkataba wa matengenezo hufutwa ili bei ishuke na ununuzi upite. Mashine hufika, utepe hukatwa, hotuba hutolewa na picha hutokea gazetini. Majaribio ya kupokea mashine, yale ambayo huonyesha kama iliyoletwa ndiyo iliyolipiwa, huachwa kwa mhandisi wa kampuni iliyoiuza, ambaye hujipima mwenyewe na kujipa alama. Fedha ya mwisho huwa imekwisha kulipwa. Majaribio hayo ndiyo yanayoweka pia kipimo cha msingi ambacho miaka yote inayofuata italinganishwa nacho. Yasipofanywa siku ile, hakuna atakayeweza kusema baadaye kamera imepungua kiasi gani. Utepe na usubiri. Mgeni rasmi anaweza kuja baada ya mtaalamu wa fizikia ya tiba kutia sahihi.

Kisha kuna kiyoyozi. Fuwele ya kamera huchukia mabadiliko ya ghafla ya joto; joto likibadilika nyuzi chache tu kwa saa moja linaweza kuipasua, na fuwele iliyopasuka haishonwi, hubadilishwa kwa gharama kubwa mno. Pamoja na hayo, si jambo geni katika ofisi za umma kuzima viyoyozi saa tisa na nusu kwa waraka wa kubana matumizi, bila kutofautisha chumba cha kamera na chumba cha masijala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ufa ni wa fuwele.

Mahali penye daftari la majaribio, mambo huwa nusu ya njia. Daftari lenyewe laweza kusema uongo. Walimu wanalijua jambo hili kutokana na daftari la mahudhurio: majina yote yamewekwa alama ya kuwapo, kwa kalamu moja, kwa mwandiko wa mkono usiochoka, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Daftari la kamera lililojazwa namna hiyo halina faida, kwa sababu thamani yake iko katika mabadiliko madogo ya siku hata siku. Mrija hauzimiki ghafla kila mara. Mara nyingi hushuka polepole, na anayefuata namba humwita fundi kabla mgonjwa wa kwanza hajadhurika. Lakini mtumishi ataandika ukweli ikiwa tu ukweli hautamletea karipio. Mahali ambapo kila kasoro iliyoandikwa hufuatiwa na barua ya kujieleza, kasoro zitaacha kuandikwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hapa ni cha familia ya mtu mwingine.

Wapo watakaojibu kwamba Serikali imekwisha kuliangalia jambo hili. Sheria ya Kinga ya Mionzi ilitungwa mwaka 1983, na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Sheria hizo zina maana kubwa kwa usalama wa wafanyakazi na wananchi. Lakini mkaguzi anayefika kwa siku moja hawezi kusimama badala ya jaribio la kila asubuhi, kama vile mkaguzi wa shule hasahihishi madaftari ya mwaka mzima. Na chumba kinaweza kuwa salama kabisa, ukuta wa kutosha, mfanyakazi amevaa beji yake, huku picha inayotoka humo ni ya uongo.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, mkulima aliambiwa achimbe choo, akachimba, kwa jembe lake na kwa muda wake mwenyewe. Mtumishi anayelipwa mshahara kutokana na jasho la mkulima huyo anaombwa nusu saa ya asubuhi, ndani ya saa za kazi.

Nusu saa hiyo itengwe kwa maandishi, na asiwepo mkubwa wa kuifuta kwa mdomo. Fundi apewe uwezo wa kuifunga mashine iliyoshindwa jaribio, na aliyeifungua kinyume chake atie sahihi jina lake. Kobalti iwe na kifungu chake katika makadirio, kama dawa zilivyo na chao. Na wajumbe wa bodi za hospitali wenye kamera hizi, ambao wengi wao si madaktari na hudhani kwa hiyo kwamba hawana la kuuliza, wanaweza kuanza na jambo jepesi: katika kikao kijacho, kabla ya chai, waletewe picha ya jaribio ya Jumatatu iliyopita, pamoja na ya Jumatatu kama hiyo mwaka uliotangulia, ziwekwe mezani sambamba.